Treni ndefu, picha tupu: kupiga picha za treni za mizigo kwenye uwanda wa Saskatchewan

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Swift Current, Saskatchewan, mwenyeji wa Voi. Anatunza wazee kwa zamu ya usiku na hutoka kazini saa moja asubuhi. Kwa ufupi ameandika hivi: "Nilipokuwa Voi nilikuwa napiga picha za treni, na zilipendeza hata kwa simu. Huku treni ni ndefu mara tatu, kichwa chekundu, nafasi tele, hakuna hata mti wa kuziba. Lakini nikifika nyumbani nikafungua picha, naona uzi mwembamba katikati, juu mbingu nyeupe, chini majani. Nina kamera yenye lenzi ya milimita 18-55, na nyingine ya 70-300 niliyonunua ikiwa imeshatumika. Je, ninunue lenzi pana zaidi ili treni yote iingie? Au shida ni mimi?"

Dada yangu, usinunue lenzi pana. Itaufanya uzi huo uwe mwembamba zaidi, na pesa zitakuwa zimekwenda. Wala shida si wewe. Umefika mahali ambapo mazoea yetu ya kutazama treni hayafanyi kazi, inabidi kuyajenga upya. Mimi nimekulia Tabora, pale reli ya kati inapogawanyika, moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza. Treni niliyoijua utotoni ilitokea ghafla nyuma ya miembe, kubwa, karibu, ikajaza macho. Sasa ni miaka 14 napiga picha za treni kwenye nyanda hizi za Canada, na miwili ya kwanza nilirudi nyumbani na uzi huohuo unaousema.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayokuondolea wasiwasi. Treni za nafaka za siku hizi za CPKC, kampuni iliyozaliwa Aprili 2023 Canadian Pacific ilipoungana na Kansas City Southern, hufika urefu wa futi 8,500, yaani takriban mita 2,600. Ukitaka treni kama hiyo iingie yote kwa lenzi yako ya milimita 18, lazima usimame kilomita mbili na kidogo kutoka kwenye reli. Ukiwa huko, kichwa cha treni chenye kimo cha mita 4.7 kitachukua pikseli 11 hivi, katika picha yenye pikseli 4,000 kutoka chini hadi juu. Kumi na moja tu! Uzi wako ndio huo. Simama mita 300 kutoka kwenye reli na lenzi ileile ukiivuta hadi 55: kichwa kinapanda hadi pikseli 230 hivi, na sasa unaona madirisha yake, unaona hata namba ubavuni. Kwa hiyo lenzi unazo. Kinachotakiwa ni kukubali kwamba treni nzima haitaingia, na haihitaji kuingia.

Iache itoke nje ya fremu. Mtu akiona mabehewa 25 yanafuatana halafu picha inaishia huku mengine bado yanakuja, yeye mwenyewe anaimalizia ile treni kichwani mwake, na aghalabu anaipa urefu kuliko ulio nao. Ukimwonyesha mkia, umemwambia imeishia hapa.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Kule Voi ulikuwa na vilima vya Sagala upande mmoja, mbuyu au mgunga karibu na tuta la reli, pengine mtu na baiskeli yake anangoja ipite. Mtazamaji anajua mbuyu una ukubwa gani, anajua mtu ana kimo gani. Akiona treni kando yao, ukubwa wake anaupata bila kuambiwa. Uwanda wa Saskatchewan hauna vitu hivyo. Ngano inaweza kuwa ya magotini au ya kiunoni, wingu linaweza kuwa kilomita tano au hamsini mbele yako, na hakuna anayeweza kutambua kwenye picha. Treni ikiingia kwenye utupu huo inakosa kipimo. Mimi hutafuta kitu cha kukipa jukumu la kuishuhudia treni, na nimezoea kukiita shahidi. Siku hizi sitoki nyumbani kwenda kutafuta treni. Natoka kutafuta shahidi, nikishampata nakaa naye mpaka treni ije.

Shahidi mkubwa kuliko wote huku ni ghala la nafaka, lile refu la mbao lenye paa kama kofia, lililojengwa ubavuni mwa reli. Yalijengwa kila baada ya maili chache ili mkulima mwenye gari la farasi aweze kupeleka mzigo na kurudi kwake siku hiyohiyo. Miaka ya 1930 yalikuwa zaidi ya 5,000 katika nyanda za Canada. Mengi yamebomolewa, nafasi yake imechukuliwa na maghala makubwa ya zege yaliyo mbalimbali, na kila mwaka yanapungua. Yale matano ya Inglis, Manitoba, yamehifadhiwa kwa safu kama eneo la kihistoria la taifa, na yanastahili safari, ila lengo lako ni lile ambalo bado linapitwa na treni. Ghala la mbao lina kimo cha mita 20 na zaidi, yaani mara nne au tano ya kichwa cha treni. Weka vyote viwili katika fremu moja na ule uzi umekwisha.

Hapa kuna kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, na mimi nilidumu nalo: tunasubiri kichwa cha treni kifike mbele ya ghala ndipo tunabonyeza. Matokeo yake kichwa chekundu kinazama kwenye ukuta wa mbao na vyote viwili vinapotea. Bonyeza mapema zaidi au baadaye kidogo, kichwa kikiwa kimeshalipita ghala na kuna upenyo wa mbingu kati yao. Upenyo wa upana wa behewa moja unatosha. Angalia huo upenyo, usiangalie treni. Treni inakuja yenyewe.

Mahali pasipo ghala, shahidi anaweza kuwa mdogo. Alama ya X ya kivuko cha reli. Nguzo za umeme zinazopungua kimo kuelekea mbali. Trekta. Mti mmoja wa dimbwini, ule uliopona kwa sababu mkulima hawezi kulima majini. Hata ng'ombe. Zile barabara za kokoto zilizopimwa maili kwa maili kama mistari ya daftari la hesabu ni mashahidi wazuri sana, maana kila anayeziona anajua upana wa barabara ya gari moja.

Jambo la pili ni kimo cha jicho lako, na kwenye uwanda lina nguvu kuliko lenzi yoyote. Jaribu hata leo kwenye uwanja tambarare wa kuegesha magari. Simama wima, tazama watu walio mbali: mstari wa upeo wa macho unawapita wote kwenye kimo cha macho yako, wawe mita 10 au mita 100. Piga magoti, ule mstari unashuka hadi kiunoni mwao, na vichwa na vifua vyao vyote vimepanda mbinguni. Ndivyo ilivyo na treni. Ukisimama juu ya kilima kidogo, upeo unapita juu ya mabehewa, na treni yote inamezwa na rangi ya majani. Ukishuka kwenye bonde la kando ya barabara ukapiga magoti, kamera ikiwa chini kuliko reli yenyewe, treni nzima kuanzia magurudumu inasimama mbinguni, hakuna nyuma yake ila mawingu. Umbali ni uleule, lenzi ileile, kilichobadilika ni mita chache za kwenda chini.

Kwenda juu nako kuna faida yake, lakini nenda juu kwelikweli: daraja la barabara linalovuka reli, au ukingo wa bonde la mto. Kutoka huko unaona migongo ya mabehewa na jinsi reli inavyopinda, jambo ambalo ukiwa chini hulioni kabisa. Nusu-nusu ndiyo inayoua picha. Lethbridge, Alberta, kuna daraja la chuma la reli lililokamilika 1909, urefu mita 1,624, kimo mita 96 kutoka chini ya bonde la mto Oldman. Siku ukipata mapumziko marefu nenda. Ukiwa chini bondeni treni inapita juu yako kama iko angani, na kwa mara moja utayaona mabehewa kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi mwingine bila kuhitaji hesabu yangu.

Na zamu yako, dada, ni neema usiyoijua.

Kwetu karibu na ikweta jua linazama kama jiwe. Kutoka digrii 6 juu ya upeo hadi kuzama ni dakika 24 tu, ndiyo maana tumezoea kwamba mwanga mzuri ukiukosa umeukosa. Swift Current iko zaidi ya digrii 50 kaskazini. Jua huku linateremka kwa mshazari, na mwezi Juni safari hiyohiyo ya digrii 6 inachukua dakika 48 hivi. Mwanga wa dhahabu unakaa mara mbili. Isitoshe, Juni jua linachomoza kaskazini-mashariki na kuzama kaskazini-magharibi, kwa hiyo asubuhi sana na jioni sana upande wa kaskazini wa treni ndio unaopata mwanga, ilhali mchana kutwa ni upande wa kusini. Watu wengi waliozaliwa hapa hupanga kusimama kusini mwa reli siku zote. Juni, saa tatu kasoro za usiku, vuka uende kaskazini. Desemba hakuna la kuchagua: jua liko kusini tangu asubuhi hadi jioni, chini sana, digrii 16 tu saa sita ya jua, na mwanga wa adhuhuri unafanana na wa jioni. Wanaojifungia ndani majira hayo wanakosa siku nzima yenye mwanga wa pembeni.

Lakini mwezi wako ni Septemba. Wiki ya mwisho ya Septemba, Swift Current, jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi, dakika zilezile unazotoka kazini, na linachomoza mashariki kamili. Reli kuu inayopita mjini kwako, kwa jumla, inakwenda mashariki na magharibi. Fikiria maana yake. Treni inayokwenda mashariki inalitazama jua uso kwa uso: pua yake nyekundu inawaka, vioo vinawaka, na wewe ukiwa mbele yake jua liko mgongoni mwako. Treni inayokwenda magharibi ina pua gizani, na ukiielekea una jua nyuma yake: hiyo ni picha ya kivuli cheusi na moshi unaong'aa, nzuri kwa namna yake, ila usijaribu kuonyesha rangi yake, utaharibu mbingu na treni pia. Kabla hujashuka garini jiulize swali moja tu: hii inakwenda wapi? Jibu ndilo litakalokuambia usimame upande gani.

Kuhusu mbingu nyeupe. Namba za magari za Saskatchewan zimeandikwa kwamba hii ni nchi ya mbingu zilizo hai, na ni kweli, lakini kuna siku zimelala. Mara nyingi weupe ule unatoka kwenye kamera: imepima shamba lenye giza, ikaongeza mwanga, mbingu ikaungua. Punguza mwanga mpaka mawingu yarudi, kisha ardhi uiinue baadaye kwenye kompyuta. Maelezo yaliyo kwenye giza yanarudi, yaliyoungua hayarudi tena. Pia geuka. Mbingu iliyo ubavuni mwa jua ina buluu nzito kuliko ile iliyo karibu nalo. Na kama mbingu ni nyeupe kwelikweli, wingu moja la kijivu kutoka upeo hadi upeo, basi usiipe nafasi: panda darajani, tumia ile 300, jaza fremu kwa ardhi na treni, mbingu ibaki ukanda mwembamba au isiwepo.

Siku zenye mbingu hai fanya kinyume, bila woga. Julai, mawingu ya ngurumo yanapojengeka alasiri na kusogea juu ya mashamba ya kanola yaliyochanua njano, weka upeo chini kabisa, robo ya fremu au hata chini ya hapo, treni iwe ukanda wa rangi unaopita chini ya wingu la buluu iliyoiva. Hapo udogo wa treni ndio unaotakiwa. Sitaki uelewe kwamba udogo ni kosa. Udogo uliokusudiwa, wenye shahidi kando yake na mbingu inayosema kitu juu yake, ni mojawapo ya picha bora ambazo uwanda unaweza kukupa. Ila ukisikia radi ingia garini. Kwenye uwanda kitu kirefu kuliko vyote ni wewe.

Kuhusu mipangilio ya kamera sina mengi. Treni ikienda kilomita 80 kwa saa inasogea mita 22 kila sekunde. Kwa kasi ya shata, yaani pazia la kamera, ya sekunde 1/500 inakuwa imesogea sentimita 4 na nusu shata ikiwa wazi, kwa 1/1000 inapungua nusu. Ikipita ubavu mbele yako tumia 1/1000, ikija kwa mbele 1/500 inatosha. Tundu la lenzi f/8 likiwezekana, na asubuhi mapema panda ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 800 au 1600, chembechembe kidogo si dhambi. Muhimu zaidi: panga mwanga kwa mkono kabla treni haijafika, ukipima ardhi inayopigwa na jua hilohilo. Vichwa vya treni huku vina taa tatu kwa pembetatu, moja juu na mbili chini, kali hata mchana. Ukiiachia kamera iamue, ikiona taa zile inatia giza picha yote. Kulenga nako, lenga mapema mahali pua ya treni itakapokuwa, nguzo au alama ya kivuko, kisha ufunge hapo.

Kuna kitu kimoja kitakachokuumiza roho na lenzi yako ya 300, nacho ni joto. Mchana wa Julai hewa juu ya reli na kokoto inachemka, na mabehewa yaliyo kilomita moja mbele yanacheza kama yako chini ya maji. Usidhani lenzi yako ya mkono wa pili ni mbovu. Lenzi ya bei ya gari ingeona vilevile. Alfajiri au baada ya mvua hewa inatulia. Wakati wa baridi jambo hilohilo hutokea ukipiga picha kupitia dirisha la gari lenye hita: joto linatoka mbele ya lenzi na kila picha inakuwa na ukungu. Zima hita, fungua dirisha, ngoja, au shuka.

Nimetaja baridi, basi nimalize nayo. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri iliyo kwenye kamera itakufa mapema. Theluji inadanganya kamera: inaiona nyeupe mno inaifanya kijivu, ongeza mwanga hatua moja. Na unaporudi ndani, kamera ibaki ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa barabara mpaka ipate joto la chumba. Baridi yangu ya kwanza niliiingiza kamera moja kwa moja jikoni, chai inachemka, na kwa macho yangu nikaona matone yakijitengeneza ndani ya lenzi, nyuma ya kioo, mahali kitambaa hakifiki. Yalipokauka yaliacha alama ambayo haikutoka tena.

Sasa mahali pa kusimama, na hapa naomba unisikilize kama kaka yako. Sheria ya Canada ya usalama wa reli inakataza kuingia eneo la reli bila ruhusa, na kampuni za reli zina polisi wao. Hilo ni la sheria. Lenye uzito zaidi ni kwamba treni iliyojaa inaweza kuhitaji kilomita mbili kusimama, na ikija upande wa upepo usiofaa huisikii mpaka iko karibu mno. Watu wengi wanaingia katikati ya reli kwa sababu wanataka picha ya treni inayokuja kwa mbele. Hakuna haja. Simama kwenye barabara ya umma, mita 15 kando ya reli, treni ikiwa kilomita moja mbele: tofauti kati yako na mtu aliye katikati ya reli haifiki hata digrii moja. Kwenye picha ya 300 hakuna atakayejua. Huku uwandani unaiona taa ikiwa bado kilomita 8 au 10 mbali, una dakika sita saba za kujipanga, hujakimbizwa na mtu. Ikikaribia kivuko inapiga honi, ndefu mbili, fupi moja, ndefu moja, ikianzia robo maili hivi. Kwa mwendo wa kilomita 80 ni kama sekunde 18 kabla haijafika mbele yako. Ikishapita usivuke mbio, tazama pande zote mbili kwanza. Mahali penye reli mbili, ya pili inaweza kuwa imefichwa na ya kwanza.

Mashamba nayo yana wenyewe. Tangu Januari 2022 sheria ya Saskatchewan inataka uwe na ruhusa kabla ya kuingia kwenye ardhi ya mtu, hata kama hakuna uzio wala kibao. Baki kwenye barabara. Na mwenye shamba akisimamisha pikapu yake kukuuliza, usijikunyate wala usiharakishe kuondoka. Sisi ni wageni kwa sura, anajua na unajua. Msalimie, mwambie unapiga picha za treni, mwonyeshe moja kwenye kioo cha kamera. Mara nne au tano nimeishia kuelekezwa mahali ambapo nisingepajua, na mara moja mzee mmoja aliniruhusu nisimame juu ya kilima chake majira yote ya mavuno, mradi nisikanyage ngano. Barabara za udongo zisizo na kokoto ziogope baada ya mvua. Ule mfinyanzi unashika magurudumu kama ugali wa moto.

Basi fanya hivi. Wiki ya mwisho ya Septemba, asubuhi yenye mbingu safi, ukitoka kazini na kama usingizi haujakuzidi, chukua barabara kuu namba 1 kuelekea mashariki. Waldeck haifiki hata robo saa ya mwendo wa gari, na reli inaandamana na barabara. Kama usingizi umekuzidi, nenda ukalale, treni itakuwepo kesho. Ukifika tafuta kivuko cha barabara ya umma, egesha mbali na reli, geukia magharibi, ulikotoka. Jua mgongoni. Funga ile 70-300 kwenye kamera. Chagua shahidi wako kabla ya kufanya lolote lingine: ghala, nguzo, alama ya X, chochote. Piga picha yake akiwa peke yake, mara mbili tatu, mpaka hiyo picha tupu ikupendeze bila treni. Kisha ngoja. Treni za mizigo hazina ratiba ya kutangaziwa watu, pengine utangoja dakika kumi, pengine usione kitu mpaka jua limepanda. Leta chai.

Taa ikitokea, usibonyeze mapema. Iache ikue. Ikikaribia shahidi wako, upenyo wa mbingu ungalipo kati yao, piga picha tatu, si thelathini. Halafu shusha kamera, isikilize ikipita, uhesabu vichwa vyake, maana huwa kuna kimoja katikati au mwishoni kinachoendeshwa kwa redio kutoka mbele. Mkia ukishapita geuka mashariki. Treni sasa inaingia kwenye jua, na ubavu wa kila behewa unashika mstari mwembamba wa mwanga, behewa baada ya behewa, mpaka mbali. Pima mwanga wa mbingu, ardhi iache iwe nyeusi. Reli zenyewe zitabaki zinang'aa dakika kadhaa baada ya sauti kuisha, na hiyo nayo ipige.